Muhula Mmoja Ng'ambo ya Ruvuma

Anabela Zeferino alizaliwa Kitaya, kijiji ambacho ukisimama ukingoni mwa Ruvuma unaona moshi wa mashamba ya Msumbiji. Baba yake, Mzee Zeferino, alivuka mto huo akiwa mtoto, wakati wa vita vya Mreno. Akalima mpunga upande huu, akaoa upande huu, wala hakurudi tena. Wanawe wakimuuliza habari za kwao, alikuwa akijibu, "Kwetu ni hapa," kisha anachukua jembe lake.

Shuleni wenzake walimwita Anabela Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde waliotoka Msumbiji. "Rudi kwenu, Mmawia!" Anabela alinyamaza, na akazoea kunyamaza. Aliona kwamba asiyesema hakosei. Kwa ukimya huo alifika mpaka chuo cha kilimo, alama zake nzuri, huku walimu wakiwa hawaijui hata sauti yake. Mwaka 2003 chuo kilipotafuta mwanafunzi wa kwenda Nampula, Msumbiji, kwa muhula mmoja kujifunza magonjwa ya mikorosho, alichaguliwa yeye. Jina lake lilikuwa la Kireno, basi wakubwa wakaamini anakijua Kireno. Hakuwasahihisha.

Nampula hakutulia. Darasani alikaa karibu na mlango, akahama dirishani, akarudi mlangoni. Mhadhara ukiisha alitembea mjini peke yake mpaka miguu ikauma, kisha akarudi bwenini akiwa hana hata jambo moja la kusimulia. Kilichomuudhi zaidi ni jina walilompa. Kitaya alikuwa Mmawia. Hapa, katika nchi ya babu yake, wote walimwita Mtanzania.

Siku moja mwalimu wao, Jaime, aliwapeleka shambani, akamwonyesha Anabela majani yaliyofunikwa na kitu cheupe. Ulikuwa ubwiriunga. Anabela aliufahamu ugonjwa huo tangu utotoni, lakini aliinamisha kichwa.

"Anajua au hajui?" Jaime aliuliza. Olinda, mwenzake wa chumbani, msichana wa Palma, karibu na mpaka, aliyesema Kiswahili, akamtafsiria.

"Najua," Anabela akanong'ona. "Lakini Kireno changu kibovu."

Jaime aliposikia jibu hilo alisema neno, na Olinda akatafsiri huku akitabasamu: "Anasema kibovu kitatengenezwa. Ulichokifungia ndani atakitengenezaje?"

Basi akasema kwa Kireno. Alitaka kusema majani yanaumwa, akakosea herufi moja, ikawa mabinti wa mkorosho wanaumwa unga. Darasa zima likaangua kicheko. Anabela alisubiri aibu impasue kifua. Haikumpasua. Akajikuta anacheka na yeye, kisha akaendelea mpaka mwisho, akikosea na kurekebishwa. Toka siku hiyo aliuliza kila kitu, mpaka Olinda akawa anamfukuza chumbani apate kusoma.

Ikaja likizo fupi. Olinda alikuwa anakwenda kwao Palma, na Anabela akapanda naye gari, lakini akashuka njiani ili aende Mueda. Mama yake aliwahi kumtajia kijiji cha babu huko Mueda na jina la shangazi mmoja, Rozalia, aliyebaki kwa bibi siku familia ilipokimbia. Aliuliza nyumba kwa nyumba kwa Kimakonde cha baba yake. Akamkuta mama mmoja anapepeta mahindi uani.

"Wewe ni wa nani?" yule mama aliuliza.

"Wa Zeferino."

Ungo ulisimama hewani. "Zeferino alikufa mtoni."

"Hajafa, shangazi. Analima mpunga Kitaya."

Rozalia aliketi chini taratibu. "Kitaya ni mbali?"

"Safari ya siku moja, na mtumbwi."

"Siku moja," Rozalia alirudia. "Na vita viliisha lini, mwanangu?"

 Wiki zilizobaki za muhula Anabela alifanya mitihani na swali lile kifuani.

Aliporudi Kitaya, mama yake alichinja kuku. Walipomaliza kula, Anabela alisema, "Baba, nimemwona shangazi Rozalia. Anauliza kwa nini hukwenda."

Mzee Zeferino aliweka kikombe chini. "Ulipelekwa kusoma. Hukutumwa kunipeleleza."

Anabela wa zamani angekusanya sahani akaenda jikoni. Huyu alibaki pale pale. "Ni dada yako, baba. Alidhani umekufa."

Mzee alitoka nje. Kwa siku kadhaa walifanya kazi shamba moja, mama akipeleka maneno huku na huku. Hatimaye, wakiwa wanafukuza ndege kwenye mpunga, mzee akaanza mwenyewe. "Kwanza niliogopa vita. Vilipokwisha, nikaogopa kuulizwa nilikuwa wapi. Kila mwaka swali likawa zito zaidi."

"Na mwaka ujao?" Anabela aliuliza.

Kiangazi, mto ulipopungua, walikwenda pamoja mpaka ukingoni. Mzee aliingiza mguu mmoja mtumbwini, akautoa, akarudi nyumbani. Anabela alilia kwa hasira njia nzima. Mwezi uliofuata walikwenda tena, na safari hii mzee alivuka bila kutazama nyuma. Rozalia alimgombeza kuanzia asubuhi mpaka mchana mbele ya majirani, kaka akiwa amekaa kwenye kigoda kama mtoto. Halafu akampikia, wakalia wote wawili juu ya chakula.

Sasa Mzee Zeferino huvuka kila akishavuna, na hurudi akilalamika kuwa dada yake ana maneno mengi. Anabela alipata kazi Naliendele, Mtwara, kwenye utafiti wa korosho, akapanga chumba Likombe. Vikaoni husema hata jambo asilolijua vizuri, na wapo wasiompenda kwa hilo. Kila mara anatafuta nafasi ya kwenda kusoma tena, Nampula au kwingineko. Mama yake anataka aolewe, atulie. Anabela anasema kuolewa ataolewa; kuhusu kutulia, hana hakika.