Vipande Vinne vya Safari ya Wifi

Siku wifi yake Bi Vituo alipokwama kaunta ya uwanja wa ndege, nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikaacha kuona aibu nikaendelea kufurahi. Nasema mapema ili msije mkanidhania mtu mwema. Mimi na Bi Vituo tumekaa meza mbili zinazotazamana kwa miaka kumi na mmoja, katika ofisi ya safari yenye dirisha moja kubwa la kioo, ramani ya dunia iliyopauka upande unaopigwa na jua, na feni inayogeuza shingo kama mtu anayesikiliza umbea. Mambo yake nayajua kuliko yangu.

Jina hilo alipewa na wateja. Mtu anakuja anataka kupeleka familia nchi tatu katika likizo ndefu ya shule; bibi ana presha, mtoto anatapika kwenye gari, baba anataka milima, mama anataka bahari. Sisi wengine tunaanza kukuna vichwa. Yeye anavuta karatasi, anachora viduara, anaviunga kwa mistari, na baada ya muda anainua kichwa na kusema, "Hapa mtalala siku tatu, si mbili. Siku ya kwanza mtoto atakuwa analia tu." Wakirudi wanatuambia kwamba kweli mtoto alilia. Miaka kumi na tisa ya kazi, hakuna msafiri wake hata mmoja aliyelala kwenye viti vya uwanja wa ndege.

Alikuwa na taratibu zake mbili ambazo hata bosi hakuthubutu kuzigusa. Ya kwanza ni pasipoti. Zote mezani, na anatazama tarehe ya mwisho kabla hajatazama sura ya mtu. Akikuta imekwisha au inakaribia kwisha, anaisukuma irudi kwa mwenyewe: "Huendi popote. Rudi ukaifanye upya." Ya pili ni kalamu nyekundu. Tiketi ya vituo vingi ina vipande, kila kipande ndege moja, na vipande hivyo hutumika kwa mpangilio. Ukikosa kupanda kipande cha kwanza, mashine ya kampuni ya ndege inafuta vyote vilivyobaki, hata uwe umelala hotelini hatua mia kutoka uwanjani. Watu hawajui hili. Kampuni inaliandika ukurasa wa nne, kwa herufi za kutafuta na tochi. Bi Vituo alikuwa akiliandika ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: USIRUKE KIPANDE. Halafu anamfanya mteja asome kwa sauti. Niliwahi kumwona jaji mzima akisoma kama mtoto wa darasa la pili.

Sasa niwaeleze ubaya wa huyo wifi, mke wa kaka yake mkubwa.

Miaka sita iliyopita mama yao alihamia ng'ambo, kwa kitinda mimba wake, maana magoti yalikuwa yamemchosha na huko alipata daktari mzuri. Tiketi alikatiwa huko huko na huyo kitinda mimba. Wifi ndiye aliyepewa kazi ya kuwajulisha ndugu saa ya kumsindikiza. Bi Vituo akaambiwa saa kumi jioni. Akafika uwanjani saa nane na nusu, amevaa gauni lake la kijani, na shali ya mama mkononi aliyomshonea mwenyewe. Ndege ilikuwa imeondoka saa nne asubuhi. Na mama, aliyekuwa akigeuza shingo kila mlango ulipofunguka, aliambiwa na wifi, "Mama, amesema ana wateja. Kazi yake, unamjua."

Mtakaponiuliza ilikuwaje mtu anayejua saa za ndege zote asijue ya mama yake, nitawajibu: ndiyo kosa lake kubwa. Ndege za watu baki alizikagua mara tatu tatu. Hii aliachia mdomo wa wifi, kwa sababu ni mambo ya nyumbani, na nani anaomba ushahidi nyumbani kwao?

Alijaribu kumweleza mama kwa simu. Mama alisema, "Yamekwisha, mwanangu," kwa ile sauti inayoonyesha kwamba hayajakwisha. Tangu hapo wakawa wanapigiana sikukuu kwa sikukuu, wanaulizana hali ya hewa. Bi Vituo akala kiapo mbele yangu, kwenye meza hii: "Sikanyagi huko mpaka wifi aseme kwa kinywa chake. Mama asikie kutoka kwake, siyo kwangu." Nikamwambia amefanya vizuri. Ningekuwa mimi, nilimwambia, ningemkomoa zamani. Na kila wifi alipotajwa, mimi nilikuwa wa kwanza kumwaga petroli.

Mwaka huu, wiki chache kabla shule hazijafungwa, mlango ukafunguka na manukato yakaingia. Mwenyewe akafuata nyuma.

"Wifi yangu mie! Jamani, hata huzeeki!"

"Karibu, wifi," alisema Bi Vituo, na akavuta karatasi.

Wifi alikuwa amekwenda ofisi nyingine mbili wakashindwa na mipango yake, ndipo akakumbuka undugu. Alitaka siku tatu katika mji wa ufukweni, ule ulio ng'ambo tu ya mpaka, siku tano katika mji anakoishi mama, siku nne kwenye ziwa, katikati ya milima, kisha nyumbani. Vipande vinne. Alitoa orodha ya watu saba: yeye, mumewe, watoto watatu, mdogo wake wa kike, na mama yake mzazi. Naomba mnielewe vizuri. Mama yake mzazi anapelekwa kumsalimia mama wa mwenziwe, na mwenziwe ndiye anayekata tiketi, na jina lake halimo.

Bi Vituo hakuuliza. Wifi akajijibu mwenyewe. "Ningekuandika na wewe, wifi, lakini msimu huu nani atakuruhusu? Kazi yako, tunakujua."

Kazi yako, tunakujua! Maneno yale yale. Niliona mshipa wa shingoni kwa Bi Vituo ukisimama, na mkono wake ukiendelea kuchora viduara.

Akampangia safari ya kifalme. Nilishangaa na nikamwambia hivyo. Vyumba vinavyopakana ili watoto wasigombane, gari la kumpokea bibi yao lenye ngazi fupi, siku ya mapumziko kabla ya milima. "Watoto ni wa kaka yangu," alisema. "Na mama atawaona wamechoka?" Hakukuwa na njama bado. Njama aliileta wifi mwenyewe, siku aliyokuja kuchukua bahasha.

"Halafu, wifi," alisema akiwa amekwishasimama, miwani ya jua juu ya nywele, "mimi hiyo ndege ya kwanza sipandi. Natangulia siku mbili kabla, na gari la shoga yangu, tunapitia madukani. Hawa watanikuta hotelini."

Niliinua kichwa. Bi Vituo naye aliinua kichwa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake, imefunguliwa, na ukurasa wa kwanza ulikuwa mbele yake, mweupe bado. Tulitazamana kwa muda ambao feni ilitumia kugeuka mara moja. Kisha akaifunika kalamu, akaiweka kwenye kikombe chake, akazitia karatasi ndani ya bahasha.

"Haya, wifi. Safari njema."

Mlango ulipofungwa nilimwambia, "Hujamwambia."

"Imeandikwa ukurasa wa nne."

"Herufi kama mayai ya chawa!"

"Ana miwani," alisema Bi Vituo.

Tulicheka mpaka bosi akatoa kichwa ofisini kwake. Wiki ile mwenzangu alikula vizuri, akasuka nywele upya, akawa anaimba akipanga mafaili. Mimi nilikuwa namwuliza kila asubuhi, "Bado siku ngapi?" naye anajibu bila kutazama kalenda. Nilikuwa nikimwona wifi kwenye mawazo yangu akiwa na mabegi yake yote, amesimama peke yake kwenye sakafu inayong'aa, na nilikuwa nikiongeza begi jingine kila siku.

Jumanne, saa tano asubuhi, simu ya mezani ikalia. Bi Vituo alikuwa na wateja, mume na mke, pasipoti zao ziko mezani. Alitazama namba, akawaomba radhi, akabonyeza spika. Alifanya hivyo kwa ajili yangu.

"Wifi! Hawa watu wana wazimu! Wanasema sina tiketi! Wote wana tiketi, mimi peke yangu ndiyo sina!"

"Ulipanda kipande cha kwanza?"

"Si nilikwambia nakuja kwa gari!"

"Basi mashine imefuta vilivyobaki. Ipo ukurasa wa nne."

Tulisikia karatasi zikipekuliwa, kaka yake akiuliza kuna nini, mtoto akilia.

"Wifi," sauti sasa ilikuwa imeshuka, "unaweza kutengeneza?"

"Naweza. Aliyekata tiketi ndiye anayeomba virudishwe, na niliyekata ni mimi. Kaunta inafungwa baada ya dakika ishirini na tano." Bi Vituo alivuta kiti chake karibu na meza. "Mpigie mama kwa simu ya kaka. Weka spika. Mwambie siku ile ndege yake iliondoka saa ngapi, na mimi uliniambia saa ngapi."

"Wifi, watu wananitazama hapa."

"Vizuri. Wasikie."

"Unanifanyia hivi mbele ya wanangu?"

"Mimi ulinifanyia mbele ya mama yangu. Dakika ishirini na nne."

Enyi watu, mwili ulinisisimka. Mume na mke kwenye viti vya wateja walikuwa wameacha hata kupumua. Tulisikia simu ya pili ikiita, ikapokewa, kaka akasema, "Shikamoo mama, subiri kidogo, kuna mtu ana neno." Nadhani kaka naye alikuwa amelingojea neno hilo, maana hakumsaidia mkewe hata kwa kikohozi.

"Mama," alisema wifi. "Siku ile ya uwanjani. Binti yako hakukataa kuja. Ndege ilikuwa ya saa nne, na mimi nilimwambia saa kumi. Nilimwambia makusudi."

"Kwa nini?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, ya mbali kuliko nilivyoikumbuka.

"Nilitaka nikusindikize mimi." Wifi alikuwa akilia sasa, na sikumwonea huruma. "Ilikuwa kila kitu ni binti yako. Safari ni yeye, hospitali ni yeye. Mimi nimekuogesha miaka miwili, bado ni mtu wa kuja. Nilitaka siku moja tu wewe unishike mkono mimi."

Nilipiga meza kwa kiganja. Lile neno la miaka sita limesemwa, kwa kinywa kile kile, hadharani, na mabegi pembeni! Nilimtazama Bi Vituo nikitarajia kumwona akitabasamu. Alikuwa amefumba macho, na mikono yote miwili ameilaza juu ya meza.

"Nimesikia," alisema mama. "Na yeye yupo hapo?"

"Yupo kwenye simu, mama."

"Basi niulizie jambo moja. Yeye anapeleka watu dunia nzima. Miaka sita hii, tiketi ya kuja kwangu kunieleza mwenyewe, aliikosa?"

Feni iligeuka, ikarudi.

"Hata kiti cha nyuma kabisa," alisema mama, "kile cha karibu na choo?"

Mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilitazama ramani ukutani. Nilikumbuka kila mara nilipomwambia amefanya vizuri.

Bi Vituo akafumbua macho akaanza kuandika kwenye kompyuta. Alipigia kampuni ya ndege kwa simu yake ya mkononi, akataja namba ya tiketi kwa kichwa, akaomba, akasubiri, akashukuru. Ilichukua dakika saba. Kisha akainama kwenye spika.

"Rudi kaunta, wifi. Tiketi yako iko hai. Bibi mshushe taratibu, gari lina ngazi fupi."

Wifi hakushukuru wala hakutukana. Simu ikakatika.

Bi Vituo alivuta droo ya chini kabisa, chini ya pini za karatasi na kalenda za zamani, akatoa pasipoti. Sikujua kama anayo. Aliifungua ukurasa wa picha na kutazama tarehe kwanza, kama alivyozoea, kisha akaisukuma kwenye meza yangu. Nikaipekua. Kurasa zote zilikuwa nyeupe, hakuna hata muhuri mmoja. Ilikuwa imekwisha mwaka juzi.

"Ningekuwa mteja," alisema, "ungeniambia nini?"

"Shoga, acha."

"Niambie."

"Huendi popote," nikasema.

"Malizia."

"Rudi ukaifanye upya."

"Msimu huu wanachukua muda gani?"

Alikuwa akijua. Anawaambia wateja kila siku. "Wiki sita," nilimjibu, na wote wawili tulikuwa tunajua umri wa mama yake.

Akachukua mkoba wake, akatoka, mchana kweupe, msimu umepamba moto, wateja wamekaa. Bosi alitoa kichwa akafungua mdomo, aliponitazama akaufunga. Nilihamia kwenye kiti chake, ambacho kilikuwa bado cha moto, nikavuta pasipoti za wale wawili.

"Anakwenda wapi yule mama?" mke akaniuliza.

"Kwa mama yake," nikasema, nikafungua ya kwanza kutazama tarehe.