Jinzi ya Kafa Ulaya

Nyie vijana mnaovaa jinzi zilizochanika magoti, nisikilizeni. Juzi mjukuu wangu alikuja na moja, eti mpya. Nikainusa kwanza.

Nilipokuwa mdogo, kijijini Mahurunga, baba alileta jinzi ya mtumba, imepauka magoti, inanuka dawa. Mitumba tuliiita kafa Ulaya. Basi nikaamini mwenye nayo kafa kweli, na atamfuata baba kuidai. Nikaificha chini ya makopa, ile mihogo iliyokaushwa.

“We binti, suruali yangu iko wapi?”

“Marehemu kaichukua, baba.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Marehemu gani! Hili vazi la vibarua, limeshonwa lisichanike kazini.”

Nikaitoa, akaivaa kazini kwenye mikorosho mpaka nikaolewa.

Sasa najua hakuna marehemu. Hata hivyo nilimwambia mjukuu, “Ifue, uianike juani siku tatu, ndipo iingie ndani.”