Siku Niliyotia Ziwa Ndani ya Bahari ya Mama Nerea

Sitaki mtu acheke kabla sijamaliza. Nasema hivyo nikijua mtacheka tu, maana hata ndugu zangu wa damu kule Suna, niliodhani watanionea huruma, walicheka mpaka mmoja akatoka nje kutafuta hewa, na mpaka leo nikitokea kwenye matanga au harusi hakosi mjinga mmoja wa kuniuliza bahari inaendeleaje. Basi leo naisimulia mwenyewe, na hasira zangu zote, kwa sababu hao wanaoisimulia huongeza chumvi (kana kwamba chumvi iliyokuwemo haikutosha).

Ilikuwa miaka ile ya tisini, gugu maji limeufunga ufuo wa Homa Bay hata maboti yanatafuta pa kupita, na mimi nilikuwa msimamizi wa ukumbi wa chakula katika hoteli ya Mama Nerea. Mama Nerea alikuwa mjane aliyeishi Mombasa miaka mingi na marehemu mumewe, na aliporudi nyumbani hakuja na makochi na friji kama watu wengine, alikuja na bahari. Sisemi picha ya bahari. Nasema tangi la kioo refu kuliko kitanda changu, maji ya chumvi yaliyosafirishwa kwa mitungi kwenye basi kutoka pwani, mawe yenye matumbawe hai, na samaki wadogo wa rangi ambazo ziwa letu halijawahi kuziona. Mmoja wao, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, alimwita Kapteni, jina la utani la marehemu. Asubuhi alimwamkia Kapteni kabla hajatuamkia sisi wafanyakazi.

Sasa, mimi nilikuwa namchumbia Atieno, msichana wa Sindo, na watu wake ni wavuvi wenye majivuno, wakisikia unafanya kazi hotelini wanadhani unaosha sahani. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilimwambia Atieno awaambie wazee kwamba kazi yangu si sahani, kazi yangu ni kutunza bahari (kweli nilikuwa napangusa kioo na kuwapa samaki chakula, lakini mtunza bahari?). Wazee wakajibu vizuri sana, wakasema basi tutakuja Jumamosi kuiona hiyo bahari, na tutakula huko huko. Nyinyi mnajua kwetu maana yake. Wakwe wakikaa mezani pako wakala, jambo limeshika njia. Wakiinuka bila kuonja, umerudi mwanzo, na pengine huyo binti utamsikia kwa watu.

Na wiki hiyo hiyo bahari ikaota nywele. Mwani wa kijani, mrefu, unaoteleza, ulifunika mawe yote, ukapanda kwenye kioo, ukaanza kuyafunika hata matumbawe. Niliung'oa kwa mkono, ukarudi. Nilisugua kioo kwa brashi, ukarudi. Yule aliyemuuzia Mama Nerea samaki, kijana wa pwani aitwaye Charo, alikuwa amekuja kuwaangalia, akanicheka kwa upole wao ule wa pwani unaokera kuliko matusi.

"Kaka, huo huushindi kwa kung'oa," akasema. "Unakula uchafu wa samaki ulioyeyuka majini. Dawa yake ni kutia vijimea hai, vile vidogo vinavyoelea na kuyafanya maji yawe kijani. Vitakula chakula kile kile, huu mwani ubaki na njaa. Lakini kidogo kidogo, kaka. Nitakuletea chupa nikirudi kutoka Mombasa."

"Utarudi lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

Mwezi ujao! Na wakwe Jumamosi! Nilisimama pale nikiwaza, na nilipotazama nje dirishani nikaona ziwa zima, Ghuba yote, kijani kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki. Nikasema huyu mtu anataka kunisafirishia kutoka Mombasa kitu ambacho kiko hapa chini, bure, cha kuteka kwa ndoo? Mtoto yeyote wa ziwani anajua maji ya kijani ndiyo shibe ya samaki. Na ninaapa mbele yenu, Charo hakutamka hata siku moja kwamba lazima viwe vijimea vya bahari. Hakutamka! Hilo linanikera mpaka kesho.

Basi Alhamisi asubuhi nilishuka ufuoni, nikasukuma gugu maji kwa mguu, nikateka ndoo ya maji mazito kabisa, nikapunguza maji ya bahari kidogo kupata nafasi, nikamimina. Ikapendeza, tena sana! Mama Nerea alipita, akasimama.

"Odoyo, mbona bahari yangu imekuwa supu?"

"Ndiyo dawa yenyewe, Mama. Charo alisema."

(Mnaona nilivyomtumia? Na sioni haya, angesema maneno yote.)

Ijumaa maji yalikuwa yamebadilika kuwa ya kahawia, na harufu ilikuwa ya gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani, lililonyeshewa. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikasema aha, vijimea vinakufa kwa sababu ni vichache, vinazidiwa nguvu na huo mwani, na nikaongeza ndoo nyingine. Kisha nikafunika tangi lote kwa kitambaa cha meza, nikafungua madirisha, nikamwambia Mama Nerea kwamba dawa inataka giza. Akatikisa kichwa, akarudi jikoni.

Jumamosi wakwe wakafika wamevaa makoti. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa Atieno, Mzee Ogola, mvuvi mwenye mikono kama makasia. Mama yake Atieno alikuja pia na akina mama wengine, lakini yeye alikaa bustanini nyuma ya nyumba, kama ipasavyo, maana kwetu mkwe wa kiume na mama wa msichana hawakaribiani hovyo, na kumwona katika hali isiyo ya heshima ni aibu isiyosafishika kwa sabuni. Mezani palikuwa na kuku, ugali, na samaki mbuta wa kukaanga. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kuazima, nimelipiga pasi mpaka kola inakata shingo. Ndugu zangu wawili walikuwa wamekuja kunisindikiza. Maji ya kunawa yakapita. Nikamwona Mzee Ogola anautazama ugali, nikajua nimebakisha tonge moja tu kuwa mume wa mtu.

Halafu akanusa.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "hiyo bahari tumeambiwa iko wapi?"

"Iko, mzee, lakini tule kwanza, chakula kinapoa."

"Hapana. Tumetoka Sindo juu ya bahari. Tuonyeshe, ndio tukule."

Ningefanyaje? Nikavuta kitambaa. Yawa! Povu la kahawia lilikuwa limetanda juu, na samaki wote walikuwa wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Wenzangu, mtu wa mjini angeona huruma au angeita mwenye samaki. Mzee Ogola ni mtu wa ziwa. Kwao maji yakiharibika na samaki wakapanda juu hivyo, unawaokota haraka kabla hawajaoza, hiyo ni riziki, hata watu wa Sori wanajua hivyo. Alikunja mkono wa koti, akavuta bakuli la mchuzi likiwa tupu, akaanza kuwazoa.

"Hawa wanakufa, kijana! Unangoja nini? Leta mafuta!"

Na wa kwanza kuingia bakulini alikuwa Kapteni.

Hapo nilichanganyikiwa. Sikuweza kumshika mkono baba mkubwa wa mchumba wangu, na sikuweza kumwacha amkaange marehemu mume wa bosi wangu. Nikaona tatizo ni hewa, bomba la pampu inayozungusha maji limezibwa na ule uchafu, nikilizibua samaki watapona na mzee ataacha. Lakini shati lilikuwa la watu! Nikalivua. Ndiyo, mbele ya wakwe, nikabaki kifua wazi, nikazamisha mikono mpaka mabegani, nikalishika bomba nikalivuta kwa nguvu zangu zote, na likachomoka.

Sikujua pampu ndogo hivyo inaweza kurusha maji hivyo. Ule uvundo ulitoka kwa mkupuo, ukampiga Mzee Ogola kifuani, ukafagia meza kutoka mwanzo hadi mwisho, kuku, ugali, mbuta, vyote vikaelea. Mama Nerea akatokea mlangoni, akaona bakuli, akaona nani yumo ndani, akapiga yowe ambalo nadhani Rusinga walilisikia.

"Umeniulia Kapteni! Odoyo, umeniulia mtu wangu mara ya pili!"

Akina mama bustanini wakadhani nyumba inaungua. Wakaja mbio. Na aliyetangulia, kwa miguu yake mwenyewe, alikuwa mama yake Atieno, na mimi hapo nimesimama kifua wazi, mwani unaning'inia sikioni, bomba mkononi linaendelea kumwaga. Alinitazama sekunde moja. Kisha akajifunika uso kwa leso, akageuka, akatembea taratibu kama mtu anayetoka mazishini.

Mzee Ogola akajipangusa ndevu. Hakufoka. Heri angefoka.

"Twende," akawaambia wenzake.

Wakaondoka, na hakuna aliyeonja hata chumvi ya kachumbari. Mama Nerea alinifukuza kazi pale pale, akilia, na sikuweza hata kujitetea kwa sababu nilikuwa bado natafuta shati. Atieno alibaki nyuma kidogo, nikadhani ananionea huruma.

"Ungesema tu unabeba sahani," akaniambia. "Nani alikutuma kuwa na bahari?"

Charo aliporudi, nilimfuata hadi kituo cha basi nimejaa sumu. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Ulitia maji ya ziwa? Kwenye bahari?" kisha akakaa chini kwenye mzigo wake, akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akanieleza kwamba vijimea vya maji ya ziwa vikikutana na chumvi vinakufa vyote, vinaoza, na kuoza kwao kunamaliza hewa ya samaki, na kwamba ndoo zangu zilikuwa zimelisha ule mwani badala ya kuunyima. Nikamwambia angesema mapema. Akasema, "Kaka, ningejuaje kuwa utafanya hivyo?" Nilitaka kumpiga. Hata leo nikimkumbuka mkono unawasha.

Kuanza upya na wakwe kulinigharimu jasho. Nilitafuta mshenga, nikapeleka fahali ambaye hakuwamo katika mapatano, nikaenda Sindo kuomba radhi kwenye jua kali nimefunga vifungo vyote mpaka kooni, na Mzee Ogola akaniacha nisimame muda mrefu kabla hajaniambia nikae. Mwishowe wakala. Atieno nikamwoa. Na niliapa siku hiyo kwamba sitajisifia tena kazi ambayo si yangu, wala sitatia kitu chochote kwenye maji ya mtu, hata sukari kwenye chai yake, kabla sijamuuliza mwenyewe.

Lakini mama mkwe hajasahau. Akija kliniki mjini hupita kumwona binti yake, na hasogelei mlango. Anasimama kule kwenye ua, amegeuza uso kabisa, anapaza sauti mpaka majirani wanafungua madirisha: "Atieno! Bwanako amevaa?"

Na Atieno, mke niliyemhangaikia vile, ananitazama kutoka kichwani hadi miguuni, mimi niliyevaa koti, tai na viatu, damu inanichemka, kisha anaitikia: "Ngoja kidogo, mama, nihakikishe."