Makumbi ya Mama Kaingu

Hindu binti Fumo sikumpenda, na sioni haya kulisema. Alipohamia Dabaso mwaka wa themanini na nne, mimi Kadii nilikuwa wa kwanza kumtilia shaka.

Alikuwa Mbajuni. Kijiji chao cha kaskazini kilichomwa na mashifta, majambazi wa mpakani, yeye akiwa kigori, wakakimbia na nguo walizovaa. Akakulia Mambrui kwenye kiwanja cha watu, akaolewa hapo hapo, akafiwa na mume, kisha mwenye kiwanja akakitaka kiwanja chake. Miaka ishirini yumo ndani ya nchi yake mwenyewe na bado watu wanamwita mkimbizi. Mume wangu Baya, ambaye akiombwa hajui kukataa, akampa pembe ya shamba letu, kule kunakopakana na tope la hori ya Mida, maji ya bahari yanapoingia na kutoka, ajenge kibanda. Sharti lilikuwa moja: baada ya mwaka, kikundi chetu cha makuti kiamue kama atabaki au atafungasha.

Kikundi tulikuwa kina mama kumi na wawili, wote Wagiriama wa bara, wa Bamba na Ganze, tulioletwa pwani na ndoa. Tulishona makuti ya kuezekea hoteli za Watamu. Hindu naye akakaa nasi kushona, lakini makuti yake yalikuwa legelege, mpaka Nyevu, mkubwa wa kikundi, akawa anayafumua mbele ya macho yake. Hakununa. Hilo nalo lilinikera. Mtu anayefumuliwa kazi na asinune anawaza nini?

Kisha akaniomba makumbi. Mimi nikifua nazi, makumbi nayakausha nipikie.

"Mama Kaingu," akasema, "niachie makumbi yako. Nina kazi nayo."

"Kazi gani?"

"Yakiwa tayari utaona."

Jibu gani hilo? Mtu akikuomba chumvi unajua inakwenda mchuzini. Kwetu Bamba, anayechukua kitu kilichopita mikononi mwako na hasemi anakipeleka wapi, tunajua anatafuta nini, na jina lake ni utsai, uchawi. Nilimpa kwa sababu Baya alikuwa amesimama pale pale. Siku hiyo hiyo nikamfuata.

Maji yalikuwa yamekupwa. Akaingia kwenye tope mpaka magotini, akachimba shimo, akamwaga makumbi, akafukia, akapanga mawe juu. Nikahesabu mashimo sita, yamejipanga kama makaburi ya watoto. Moja lilikuwa na kijiti, na kwenye kijiti kipande cha kanga. Nikakazia macho. Kilikuwa kipande cha kanga yangu, ile niliyombebea Kaingu mgongoni hadi ikachakaa nikaitupa jalalani.

Nilimweleza Baya, akacheka. "Mwanamke wa watu anacheza na matope, mwache." Lakini kuanzia hapo chakula chake sikuonja, na akija kwangu nilikuwa namtoa mtoto uani namtia ndani. Yeye alijua. Alikuwa akinisalimu kutoka mbali, anapita zake.

Mwezi wa nane Kaingu akashikwa na homa. Nikampeleka zahanati, akadungwa sindano, homa ikaondoka, ikarudi. Mtoto akawa mwepesi mkononi. Nani angeniambia nini? Nilijua ugonjwa umefukiwa wapi, na nilijua kikundi kinakaa Jumamosi kuamua.

Asubuhi ya Jumamosi maji yalipokuwa yanaondoka nilishika jembe nikaenda kwenye tope. Nikafukua mashimo yote sita. Makumbi yalitoka meusi, yananuka mayai mabovu, na harufu hiyo ikanihakikishia kila kitu. Nikayatupa mkondoni, pakacha baada ya pakacha, yakachukuliwa na maji hadi la mwisho likapotea nyuma ya mikoko. Nilibakiza kumbi moja na kile kijiti chenye kanga, viwe ushahidi.

Kwenye kikao sikungoja salamu ziishe. Nikaviweka vyote viwili chini, katikati ya kina mama.

"Huyu amemfukia mwanangu kwenye tope," nikasema. "Kanga hii ni yangu. Nataka atoke leo."

Wenzangu walijivuta nyuma. Nyevu akamgeukia Hindu. "Sema, mwanangu."

 Hindu alilivuta lile kumbi kwake, akaokota gogo la kuni, akaanza kulitwanga. Maji meusi yakaruka. Akaomba ndoo, akasuuza, akatwanga tena, na ule uozo ukatoka wote, zikabaki nyuzi ndefu za rangi ya asali. Akazikung'uta, akapandisha doti yake, akazisokota pajani kwa kiganja. Kamba ikawa inakua mbele yetu. Akampa Nyevu upande mmoja na yeye akashika wa pili, wakavuta mpaka Nyevu akajiinua kwenye kigoda.

Nyevu ndiye aliyeelewa kwanza. Kontrakta wa Watamu alikuwa akitulalamikia kila siku kwamba makuti yetu anayo lakini kamba ya kuyafungia anaifuata Malindi.

"Mbona hukusema?" akamwuliza.

"Mambrui nilisema. Nikawaonyesha watu, wakafukia yao mahali pangu, mimi wakaniondoa ufukweni. Nikaapa sitasema tena hadi kamba ziwe mkononi." Akanigeukia. "Makumbi hukaa miezi kwenye tope, Mama Kaingu. Yangetoka wiki hii. Yako wapi mengine?"

Nikanyoosha kidole kuelekea mkondoni. Nilijisikia kufa.

"Na kanga?" Nyevu akauliza.

"Mashimo yote yanafanana, nikakiokota jalalani kiwe alama. Lile ni la makumbi yake yeye, sikutaka yachanganyike na ya wengine. Kamba za kwanza zingekuwa zake."

Kikundi kikaamua abaki, na mimi niliinua mkono na wenzangu. Homa ya Kaingu ilikuwa malaria ya kawaida, vidonge vingine vikaimaliza. Nilimkusanyia Hindu makumbi kila boma la Dabaso, nikachimba naye, nikanuka naye. Mwaka uliofuata tulipeleka Watamu makuti na kamba kwa lori moja, na kina mama wote sasa wanasokota.

Lakini hajawahi kuniachia tope peke yangu. Maji yakikupwa, nikitia mguu tu, namwona anatoka kibandani na kusimama, ananitazama hadi nitoke. Makumbi yangu anayapokea kwa adabu, anayafukia pamoja na ya watu wengine. Kijiti hafungi tena. Shimo langu silijui ni lipi, na sina uso wa kumwuliza.