Mimi Ndiye Niliyesimama Nyuma ya Mbuzi

Kosa ni langu. Nasema mapema ili usianze kunihurumia, halafu ukifika katikati ujisikie mujinga.

Jina langu sitaliandika, hata kama watu wa hapa watanijua tu. Hapa ni plage moja ndogo, ufuko wa wavuvi kando ya ziwa, chini kidogo ya Rumonge. Nikipita sokoni kuna mutu lazima anililie "mee". Nacheka naye. Nimechoka kucheka, lakini nacheka, sababu tangu mutoto mimi ndiye wa kuchekesha hapa, na uso umeshazoea.

Sikia vile ilikuwa.

Plage yetu iko na komite, na komite iko na prezida. Usidharau. Prezida wa plage ndiye anasema mitumbwi ikae wapi na wanawake wa ndagala, hivi visamaki vidogo, waanike wapi. Na mahali pazuri pa kuanika iko moja tu: ile tambarare karibu na maji, mchanga safi, jua toka asubuhi, upepo. Hapo ndipo Mama Mudogo alikuwa na vichanja vyake vitatu vya waya. Ni mudogo wa mama yangu, na ndiye alinilea. Kaptula yangu ya shule ilitoka kwenye vile vichanja. Sahani ya kwetu pia.

Basi prezida wa zamani akachoka, akahamia Kigwena kwa michikichi yake. Ikabidi tuchague mwingine. Wakajitokeza wawili.

Wa kwanza Mzee Nestori. Mutu mupole, lakini anasinziaka. Anasinzia kwenye mukutano, anasinzia kwenye matanga, siku moja alisinzia akiwa anapewa pole. Alikuwa kwenye komite zamani, akaahidi wanawake hangari ya kukinga mvua. Mpaka leo ile hangari iko miti minne imesimama, kuku wanajikuna hapo.

Wa pili tulimwita Patron, yaani bosi. Mitumbwi mitano, simu mbili, na hajawahi kuacha mutu amalize kusema. Kila mutu alijua anaitaka ile tambarare apandishie mitumbwi yake. Yeye hakusema hivyo. Alisema tu, "Plage inahitaji mpango."

Siku ya kuwauliza maswali, Mama Mudogo akasimama. "Mukichaguliwa, sisi wa kuanika mutatuweka wapi?"

Patron akajibu, "Wewe ni mama yangu. Mahali pako iko hapa, moyoni."

Nikasema kwa sauti, "Humo ndagala hazitakauka. Humo hakuna jua."

Watu wakacheka mpaka mwingine akadondosha beseni. Ikafika zamu ya Nestori. Muke wake akamugusa bega, muzee akashituka, akasema, "Nakubaliana na wote."

Ndio hao. Sasa wewe ungechagua nani?

Mimi nilikuwa nimechoka. Sio siku ile tu. Tangu nianze kuelewa mambo, naona kila mara tunaitwa tuchague kati ya homa na kuhara, halafu tunaambiwa asante kwa kujitokeza. Asubuhi ile niliamka nimeshaamua: wote wawili, hapana.

Kwetu hatutumii karatasi. Wagombea wanasimama mbele, na kila mutu anajipanga nyuma ya wake. Halafu Mwalimu, muzee mumoja wa pensheni, anapita na fimbo ya mwanzi anagusa vichwa na kuhesabu. Kila mutu anamuona kila mutu. Huwezi kujificha.

Mistari ikaanza. Mimi nikabaki katikati, mikono mufukoni. Kando kulikuwa na mbuzi wa mama mumoja wa kuuza ndizi, amefungwa kwenye muti wa kukaushia nyavu. Anatafuna kamba yake, ametulia, haahidi kitu.

Nikaenda nikasimama nyuma yake.

"Mimi huyu ananitosha," nikasema. "Hana mutumbwi, na mukutanoni hasinzii."

Ndugu yangu, kicheko cha siku ile sijawahi kukipata tena. Vijana wawili wakanifuata. Halafu wanne. Nikajisikia mukubwa kweli.

Mama Mudogo alikuwa ameshajipanga nyuma ya Nestori. Nikamuita. "Mama Mudogo, unafanya nini huko kwenye matanga? Njoo huku kwa wazima."

Akaziba mudomo na kitenge, akacheka, akaja. Na wanawake wa kuanika, pale Mama Mudogo anapokwenda ndipo wanapokwenda. Wakatoka kwa Nestori mumoja mumoja. Nyuma ya mbuzi tukawa kumi na tisa.

Mwalimu akafika, akatuangalia, akamuangalia mbuzi.

"Mustari wa munyama siandiki," akasema. "Nahesabu hii miwili tu. Anayetaka kuhama ahame sasa. Nangoja."

Na alingoja kweli. Mimi nakumbuka sana pale alipongoja. Alisimama na fimbo yake, akatoa kitambaa, akafuta jasho, akakirudisha mufukoni. Muda ulikuwepo.

Mama Mudogo akaacha kucheka. "Turudi?"

"Kaa," nikamwambia. "Hawa wawili wajue tumewachoka."

"Patron iko na watu wengi, mutoto wangu. Angalia ule mustari."

"Kaa, Mama Mudogo. Ukirudi watanicheka."

Ndilo hilo kosa langu. Sio mbuzi. Mbuzi ulikuwa muchezo, na muchezo ungeishia pale. Alitaka kurudi, nikamuzuia, sababu sikutaka kubaki peke yangu nyuma ya munyama mbele ya watu. Akakaa. Kwa ajili yangu.

Patron akamupita Nestori kwa watu sita. Sisi tulikuwa kumi na tisa. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita naiweza.

Wiki ile ile Patron akamununua yule mbuzi, akafanya karamu, brochette, ile mishikaki, kwa kila mutu. Nilikula mbili. Nilisema hata utani, kwamba prezida wetu iko laini kuliko prezida wao. Watu wakacheka tena.

Wiki ya tatu vijana wake wakaja na kamba na vigingi, wakaizungushia tambarare. Vichanja wakavibeba wakavipanga juu, kando ya barabara, kwa adabu kabisa, hata kimoja hakikuvunjika. Wanawake wakaenda kumuona. Na mimi nikaenda, nyuma kabisa.

Mama Mudogo akasema, "Prezida, tunaomba utuachie hata upande mumoja wa..."

"Mama, si mulikuwa na prezida wenu?" Patron akajipigapiga tumbo. "Muulizeni. Iko humu."

Watu wakacheka. Wale wale waliokuwa wanacheka yangu. Nikajua siku ile kicheko hakina mwenyewe.

Sasa ndagala zinaanikwa kando ya barabara. Kila gari la kwenda Bujumbura likipita linazimwagia vumbi. Wanunuzi wanazishika, wanazinusa, wanasema iko na mchanga, wanaenda kwa wauzaji wa plage zingine. Nyingi zinaishia kuwa chakula cha kuku. Na kupanda na beseni kutoka majini mpaka juu, kwa goti la Mama Mudogo, ni kazi ingine. Miezi hii amekonda.

Siku moja nikamukuta amekaa anachambua vijiwe kwenye ndagala. Nikachuchumaa karibu yake.

"Mama Mudogo, unisamehe."

"Ya nini?"

"Ile ya mbuzi."

Akaendelea kuchambua. 

"Nestori nilikuwa nitamuamusha," akasema. "Ningekwenda kwake kila asubuhi, ningegonga mulango mpaka ile hangari anaimaliza. Wewe nilikuamusha miaka sita uende shule, Nestori angenishinda?"

Nikataka kusema kitu cha kuchekesha. Kilikuwepo kabisa kwenye ulimi. Nikakimeza.

Hakunitukana. Hajanitukana mpaka leo. Afadhali angenitukana.

Uchaguzi mwingine utakuja, na watu wameshaanza kuniuliza safari hii naleta nani, bata ao ng'ombe. Nacheka nao.

Lakini wewe unayesoma, popote uliko, chukua hii kwangu. Ukifika siku hiyo na hakuna anayekupendeza, sawa, usimupende. Sikwambii umupende. Waangalie wote, uwachoke wote, halafu ujiulize ni yupi akikosea unaweza kwenda kumugongea mulango asubuhi na akafungua. Simama kwa huyo, hata kama umekunja uso.

Na kama pembeni kuna kijana anachekesha watu, na unaona mustari wake ndio una raha, usimufuate. Huyo kijana namujua. Asubuhi hii iko anapanda kilima na beseni mbili, moja yake, moja ya mama yake mudogo, na vumbi la barabara linamungoja juu.