Mzee Walter Alisubiri Kuitikiwa

Ipo siku moja hunirudia kila basi linapopita mtaa wa Kensington, mwanangu, nami nimekaa dirishani na mfuko wangu wa dawa. Humo ndimo nilimopanga chumba na wanafunzi watatu Wakenya nilipofika Sydney, kijana, mbavu nje, Kiingereza tele mdomoni. Usicheke. Kiingereza nilikuwa nacho, ila kilikuwa cha marehemu.

Nilifundishwa katika kambi ya wakimbizi na Mzee Rubeni, katekista wetu, aliyekimbia vita Kongo akiwa na kitabu kikuukuu cha sala za Kiingereza kwapani na hakuna kingine. Alitufundisha kwamba “suffer” ni kuruhusu, “quick” ni aliye hai, na “meat” ni chakula chochote, hata mboga. Hakutudanganya. Zamani za Waingereza wenyewe maneno hayo yalikuwa hivyo. Ni wao waliohama wakayaacha. Kila jioni aliongoza sala, yeye akisema nusu, sisi tukiitikia nusu. Alipenda kutuambia kwamba sala isiyoitikiwa ni sawa na mgeni aliyepiga hodi akaachwa mlangoni.

Basi nikapata kazi ghalani, karibu na bandari ya Port Botany. Siku ya kwanza tumbo likanivuruga. Nikamwendea msimamizi, nikamwambia kwa adabu zote, “Suffer me to depart.” Nilikuwa naomba ruhusa tu, wao wakasikia habari za mateso. Ghala zima likaangua kicheko, na tangu hapo wakaniita Nabii. Nabii, lete boksi! Nabii, mvua itanyesha lini? Mimi nina hasira za karibu, mwanangu, lakini siku zile nilizimeza. Nikaapa kwamba neno la Mzee Rubeni halitatoka tena kinywani mwangu. Ukiingia kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Nikajifunza kusema “no worries” hata moyo ukiwa umejaa wasiwasi.

Kutoka ghalani nikaenda kuhudumia wakongwe kwenye nyumba moja ya wazee. Huko ndiko nilikomkuta Mzee Walter, Mwaustralia aliyelelewa na bibi yake mashambani, mbali na mji. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Maneno ya leo yalitangulia kuondoka, jina la mwanawe likafuata, yakabaki yale aliyoyapata kwa bibi. Kila alasiri baada ya chai alianza sala kwa sauti, akafika nusu, akanyamaza. Anatutazama. Anasubiri. Halafu anaanza upya.

Mwenzangu wa zamu, kijana mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa akitikisa kichwa na kuniambia, “He's off again, mate. Just rambling.” Yaani mzee ameanza tena, anapayuka tu.

Nami nilijua sivyo. Sala ilikuwa ile ile ya Mzee Rubeni, na mwitikio wake niliujua kama jina langu. Nikajibu, “No worries,” nikaendelea kukunja shuka. Niliogopa kuitwa Nabii mara ya pili.

Mama Tereza, Mkongo mwenzetu aliyekuwa ametutangulia kazini miaka mingi, aliiona midomo yangu ikicheza. Akanivuta jikoni.

“Weye, ile sala unaijua?”

“Naijua, Mama.”

“Na unanyamaza? Mutu anapiga hodi, weye uko ndani, unamunyamazia?”

“Watanicheka, Mama.”

“Wacha bacheke! Kicheko haiue mutu. Ule mzee ndiye anakufa.” Akaweka birika chini, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. “Na weye, siku yako ikifika, hapa Sydney nani atakuitikia?”

Nikasema moyoni, kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, nami bado najipigia moyo konde, mpaka alasiri moja chai ya Mzee Walter ikarudi jikoni haikuguswa.

Nikaenda nikakaa kando ya kitanda, mlango ukiwa wazi na mwenzangu akitazama. Nikamsubiri mzee aanze. Hakuanza. Amebaki macho tu. Basi nikaanza mimi, nikafika nusu, nikamwachia nafasi yake. Midomo ilitikisika, sauti haikuja. Nikamalizia mwenyewe. Nilisali pande zote mbili, mwanangu, yake na yangu, na machozi yalinitoka mbele za watu. Mwenzangu hakucheka. Alikwenda akaizima televisheni.

Mzee Walter hakuifikia chai ya siku iliyofuata.

Sasa mzee ni mimi. Nikikuita unakuja, nikikutuma unakwenda, kwa hiyo Kiswahili unakisikia. Lakini kujibu, unanijibu Kiingereza, na wenzako wakiwepo unanionea haya. Sikulaumu sana, nami nilikuwa hivyo. Ila ujue kwamba kichwa changu kikianza kuchoka, Kiingereza ndicho kitakachotangulia kutoka, maana kilikuja mwisho. Nitabaki na Kiswahili changu cha kambini, na wahudumu watasema napayuka. Naiogopa siku hiyo kuliko kaburi lenyewe.

Basi shika hili. Neno la mtu mzima usilionee haya eti limepitwa na wakati; neno halioi kwa kuwa watu wamelihama. Unalolijua, liseme angali yupo wa kulisikia, na wanaotaka kucheka wacheke, watachoka. Na mtu akikuanzia, mwitikie siku hiyo hiyo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo mimi nimemlea miaka yote hii.

Mungu akuzeeshe salama, mwanangu. Akuachie maneno yako mpaka pumzi ya mwisho, na utakapopiga hodi kitandani pako, asikose mtu wa kukuambia karibu.