Bodi ya Keki ya Akisa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikisikia harufu ya aisingi, ile sukari laini ya kupamba keki, moyo hunidunda. Nilikuwa msichana, najifunza kazi kwa Mama Amoit, mwokaji keki wa hapa Malaba. Siku hiyo binamu yangu Akisa alikuwa anaolewa Moding. Watu wa bwana harusi hawakumtaka. Walikuwa wakisema ukoo wetu hauna mpangilio, na nilijua kosa dogo tu lingewapa maneno ya mwaka mzima.

Kabla ya kutangulia kanisani, Mama Amoit aliniagiza nikate bodi ya keki ya Akisa, ile katoni ngumu ambayo keki hukalia, ipite keki inchi mbili kila upande. Tena ziwe katoni mbili zilizobandikwa, ile mistari ya ndani yake ipishane ili zisijikunje. Nikaona mama anazidisha. Katoni safi ilikuwa imebaki moja, nami nikaona uvivu kutafuta nyingine. Nikaweka sufuria ya kuokea juu yake, nikazungusha kalamu, nikakata, nikaifunika kwa foili. Nani angechungulia chini ya keki? Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu uliota siku hiyo hiyo.

Keki ikishapakwa aisingi hunenepa. Nilipoiinua kuipeleka kwenye pikapu sikuwa na pa kushika, vidole vikaingia kwenye maua. Nikaipakata. Tukapita foleni ya malori, na kwenye tuta la kwanza nikahisi katoni inajikunja katikati. Niliogopa vibaya sana.

"Dada, iko sawa?" dereva akauliza.

Nikamjibu iko sawa. Kila tuta nilikaza mapaja, jasho likinitoka, na kila tuta bado ningeweza kusema tusimame dukani tuombe katoni. Sikusema. Tulipofika Moding ufa ulikuwa umefika nusu ya keki.

Aliyenipokea mlangoni alikuwa mama mkwe wa Akisa mwenyewe. Aliangalia ufa, akaniangalia mimi.

"Nani alikata hii katoni?"

"Ni mimi, mama. Nilikata ndogo."

"Na ilianza kupasuka wapi?"

"Hapo Malaba."

"Malaba. Na unaniambia Moding."

Hakupaza sauti. Alifunga mlango, akaleta sinia lake kubwa, tukaitelezesha keki juu yake polepole, kisha nikaziba ufa kwa aisingi niliyokuja nayo. Mikono yake nayo ilikuwa inatetemeka.

"Hata mimi naogopa hawa watu," akaninong'oneza. "Mimi pia niliolewa hapa."

Akisa akakata keki yake, na hakuna aliyejua.

Shuleni tuliimba usipoziba ufa utajenga ukuta, wala sikudhani ufa wenyewe ungekuwa wa keki. Basi mwanangu unayeanza kuoka, pima keki ikiwa imeshavaa aisingi, usipime sufuria. Acha nafasi ya vidole. Keki ya chai ya nyumbani itakaa kwenye katoni moja, lakini ya harusi inataka mbili, mistari ipishane. Na ukikosea, sema kwenye tuta la kwanza, hata kwa yule unayemwogopa kuliko wote, kwa maana hujui yeye anamwogopa nani.

Mungu akupe mikono iliyotulia, na siku itakapotetemeka, akukutanishe na mtu wa kukufungia mlango.